Kama tungemdunga anko ile sindano, leo ningekuwa nimewadanganya

Wasee wangu, mnakumbuka ule mchango nilipost mwaka jana, wa anko wangu? Ile video nikiwa nimesimama nje ya hospitali, sauti inatetemeka, nikiwaambia kuna sindano mpya kutoka nje na bila hiyo sindano anko hatoboi? Wengi wenu mlituma. Mtu alituma bob hamsini na akaandika "sina zaidi bro, pole." Ile bob hamsini ndiyo imenifanya niandike hii post. Nawadai maelezo.

Anko ni ndugu mdogo wa mathe. Ijumaa usiku alikula vizuri, saa nane akaamka akijikunja kama mtu amepigwa teke tumboni. Maumivu yalikuwa juu ya kitovu, yanatoboa hadi mgongoni. Alitapika mpaka hakuna kitu cha kutapika. Asubuhi daktari akatuambia ni kongosho limevimba ghafla. Nikasema kongo-nini? Mimi nilidhani kongosho ni jina la kitabu cha seti.

Alafu nyumbani mnong'ono ukaanza, ati ni pombe. Enyewe pombe inaweza kuleta huo ugonjwa, lakini kwa anko picha ilionyesha ni mawe ya nyongo. Jiwe dogo lilitoka kwenye kifuko cha nyongo likaziba njia. Kwa hivyo kama una mtu wako amelazwa na hii kitu, tafadhali usianze kumhukumu kabla ya picha.

Jumamosi mchana kazin akatuma video kwenye grupu ya familia. Msee fulani mwenye koti jeupe anasema ana sindano ya kongosho. Dozi moja ni elfu 180. Anasema amewatibu wengi na wote wamepona. Mathe akaniangalia. Mimi ndiye mwenye wafuasi, si ndiyo? Saa kumi na moja jioni nilikuwa tayari nimepost.

Kufikia Jumapili usiku tulikuwa tumefikisha elfu 112. Jumatatu asubuhi nikaenda kwa daktari wa wodi na simu mkononi, nikamwonyesha video. Akaitazama yote, hakunicheka. Akaniuliza swali moja: "Kijana wangu, kama tungempa anko wako hii sindano Jumamosi, na leo unaona ameamka anaongea, ungesema ni nini kimemponya?"

Nikageuka kitandani. Anko alikuwa ameketi, anauliza kama kuna chai.

Manze, nilinyamaza. Kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Ningesema ni sindano. Ningerekodi video ya pili, nilie machozi ya kweli, niwaambie "fam, imefanya kazi." Na ningekuwa nimewadanganya bila hata kujua.

Daktari akanieleza kitu ambacho tangu siku hiyo hakijanitoka. Karibu watu wanane kwa kila kumi wenye kongosho lililovimba ghafla hupata ile aina nafuu, na wengi hupona ndani ya wiki hivi kwa dripu, dawa ya maumivu na uangalizi. Wale wengine ndio hushikwa vibaya, figo na mapafu yanazima, na hapo kifo kiko karibu sana. Kwa hivyo ukiwadunga wagonjwa kumi maji ya mvua, karibu wanane wataenda nyumbani wakikusifu.

Nilirudi nyumbani nikaanza kuchimba historia. Na historia ya sindano za kongosho, wasee, ni series kabisa. Kuna ng'ombe, kuna mabilioni, kuna msee aliyefutwa kazi, na tumaini linakufa zaidi ya mara moja.

Tumbo linalojila

Kwanza tuelewane. Kongosho ni kiungo kiko nyuma ya tumbo la chakula. Kazi yake moja ni kutengeneza insulini. Kazi nyingine ni kutengeneza enzaimu, yaani kemikali za kukatakata chakula: nyama, mafuta, wanga. Kwa kawaida zile za kukata nyama hutoka kwenye kongosho zikiwa zimelala, kama panga kwenye ala. Zinaamshwa zikifika kwenye utumbo.

Sasa fikiria zimeamka mapema, zikiwa bado ndani ya kongosho. Wewe mwenyewe ni nyama. Zinaanza kukukata wewe.

Daktari mmoja wa Boston, Reginald Fitz, ndiye aliyeueleza huu ugonjwa vizuri mwaka 1889, akakusanya dalili na visa mpaka madaktari wengine wakaanza kuutambua. Miaka saba baadaye, 1896, Hans Chiari aliyekuwa Prague akasema wazi kwamba hapa kongosho linajisaga lenyewe.

Hilo wazo la Chiari ni tamu sana, na ndilo lililozaa sindano ya kwanza. Kwa sababu kama shida ni enzaimu zimeamka, si unatafuta tu kitu cha kuzilaza? Hata mtoto wa darasa la nne angefikiria hivyo.

Sindano ya mapafu ya ng'ombe

Twende Ujerumani, miaka ya 1920. Daktari wa upasuaji Emil Frey, aliyekuwa Munich, aligundua kwamba ukidunga mbwa mkojo wa binadamu, presha ya mbwa inashuka. Usiniulize nani huamka na wazo kama hilo. Akishirikiana na Heinrich Kraut na Eugen Werle, walifuatilia ile kitu ya kwenye mkojo mpaka wakaikuta kwa wingi ndani ya kongosho. Wakaiita kalikreini, kutokana na jina la zamani la Kigiriki la kongosho.

Alafu mwaka 1930 wakapata kitu kingine kwenye viungo vya ng'ombe, kitu kinachoizima hiyo kalikreini. Baadaye ilijulikana kwamba kinazima pia tripsini, ile enzaimu kali ya kukata nyama. Leo kinaitwa aprotinini. Kampuni ya Bayer ikaanza kuitengeneza kutoka kwa mapafu ya ng'ombe, ikaipa jina la Trasylol, na mwaka 1959 ikaanza kuuzwa Ujerumani kama sindano ya kongosho lililovimba.

Jiweke kwa viatu vya daktari wa wakati huo. Una mgonjwa anajikunja, huna dawa. Mtu anakuletea chupa ndogo ambayo ndani yake kuna kitu kinachozima enzaimu ile ile inayomla mgonjwa. Unaiweka kwenye mshipa. Baada ya siku tatu mgonjwa anaomba chai. Utasema nini? Utasema vile mimi ningesema.

Na ndivyo walivyosema. Kwa miaka mingi madaktari waliidunga Trasylol, ripoti zikaandikwa, mmoja anasema imesaidia, mwingine anasema haijasaidia. Shida ni kwamba nyingi ya hizo ripoti zilikuwa ni hadithi za wagonjwa waliopona. Hakuna mtu alikuwa anajua wangapi wangepona hata bila sindano.

Namna ya kuuliza swali bila kujidanganya

Hapa lazima nitoe siri yangu. Wale wananijua wanajua niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Kile wengi hawajui ni kwamba nilikuwa nasomea takwimu. Kulikuwa na lekcha moja ya asubuhi ambayo nilikuwa nalala, na ilikuwa inahusu kitu hiki hiki. Maisha ina ucheshi.

Namna ni hii. Chukua wagonjwa, uwagawanye vikundi viwili kwa bahati nasibu, kama kurusha sarafu ya mbao. Kundi moja linapata dawa. Kundi la pili linapata maji yanayofanana na dawa, chupa ile ile, rangi ile ile. Kila kitu kingine kinakuwa sawa: dripu, wodi, manesi. Mgonjwa hajui amepata nini. Na daktari anayemwangalia pia hajui, ndiyo asiangalie upande mmoja kwa jicho la huruma. Mwisho ndiyo mnafungua bahasha na kuhesabu.

Najua kuna mtu ameshaanza kukasirika. "Yaani mnampa mtu anayekufa maji?" Mimi pia nilikasirika. Nikafikiria anko akipewa maji ju sarafu imeanguka upande wa kichwa. Lakini kaa na hilo swali kidogo, nitalirudia. Na kumbuka kwamba hata huyo wa maji anapata matibabu yote mengine ya kawaida. Anakosa tu kitu ambacho hakuna anayejua kama kinasaidia au kinaua.

13 kwa 4

Mwaka 1974, timu ya Uingereza ikiongozwa na daktari wa upasuaji Trapnell ilichapisha matokeo. Wagonjwa 105. Kundi la Trasylol lilikuwa na watu 53, wakafa 4. Kundi lisilopata lilikuwa na watu 52, wakafa 13. Asilimia 7.5 dhidi ya asilimia 25.

Wewe ungefanya nini? Mimi hapo ningefunga laptop, nikaanza mchango. Huu si msee wa koti jeupe kwenye WhatsApp. Hili ni jaribio la kweli, na limegawanywa vizuri.

Lakini rusha ile sarafu yako mara kumi. Mara nyingine utapata vichwa saba. Sarafu haina makosa, ni bahati tu. Ukirusha mara mia tano ndiyo inaanza kuonyesha tabia yake halisi. Na kwa huu ugonjwa, ambapo wagonjwa wachache tu ndio hufa, inatosha kundi moja kuangukiwa na wagonjwa wabaya wachache zaidi, hesabu yote inainama.

Kwa hivyo Waingereza wakarudia. Baraza lao la utafiti wa tiba likaunganisha hospitali kadhaa, likachukua wagonjwa 257, likajaribu Trasylol pamoja na dawa nyingine inaitwa glukagoni, dhidi ya maji. Matokeo yakatoka 1977. Vifo havikutofautiana. Sindano zote mbili hazikuokoa watu zaidi ya maji.

Mwaka uliofuata, 1978, daktari Imrie na wenzake wa Glasgow wakachapisha jaribio lao, wagonjwa 161 katika hospitali moja, bila mgonjwa wala daktari kujua nani amepewa nini. Hakuna faida.

Karibu miaka ishirini tangu sindano ianze kuuzwa. Na wazo lilikuwa zuri! Hilo ndilo linauma. Chianzo chake hakikuwa uongo. Ni kwamba mwili hausomi wazo lako. Mgonjwa anapofika hospitalini, enzaimu zimeshaamka masaa mengi yaliyopita. Kufikia hapo kinachoua ni mwili mzima kuwaka moto wa uvimbe, unaosambaa mpaka mapafu na figo. Kuzima kiberiti wakati nyumba imeshashika moto hakusaidii sana.

Na kuna epilogi. Trasylol haikufa. Ilipata kazi nyingine, kupunguza damu kwenye upasuaji wa moyo, na ikatumika miaka mingi. Alafu jaribio kubwa la Kanada likasimamishwa 2007 kwa sababu waliopewa Trasylol walionekana kufa zaidi kuliko waliopewa dawa nyingine za kazi hiyo hiyo. Mwaka huo Bayer ikasimamisha mauzo yake duniani. Baadaye mamlaka za Ulaya zilikuja kulegeza, lakini umeelewa. Kitu kinaweza kudungwa miongo kadhaa kabla ya mtu kuhesabu sawasawa.

Sindano ya pauni bilioni mbili

Sasa kama tatizo ni moto wa uvimbe, si tutafute sindano ya kuzima moto? Ndivyo walivyofikiria miaka ya 1990.

Kuna kemikali mwilini inayochochea huo moto, kwa kifupi inaitwa PAF. Kampuni moja ya Oxford, British Biotech, ikatengeneza dawa ya kuiziba, leksipafanti. Jina la kibiashara lilikuwa Zacutex. Jaribio la kwanza dogo, wagonjwa 83, likachapishwa 1995: viungo vilivyozima vilipungua. La pili, wagonjwa 50, 1997: dalili nzuri tena. Unaona filamu inajirudia?

Tofauti ni kwamba safari hii kulikuwa na chapaa nzito. British Biotech ilikuwa kipenzi cha soko la hisa la London. Mwaka 1996 thamani yake ilifika karibu pauni bilioni 2, na haikuwa na dawa hata moja kubwa iliyokuwa inauzwa. Watu walikuwa wamenunua matumaini. Mengi yalikuwa juu ya dawa yao ya saratani, marimastati, na mengine juu ya hii sindano ya kongosho.

Jaribio la Uingereza lilikuwa kubwa zaidi: wagonjwa 290 kutoka hospitali 78, wote wakiwa kwenye hatari ya kushikwa vibaya. Wapewe sindano kwenye mshipa kwa siku saba, ianze ndani ya masaa 72 tangu maumivu yaanze. Lengo lilikuwa kuzuia viungo visizime.

Walipohesabu: waliopewa maji, asilimia 58 walizimiwa na kiungo kimoja au zaidi. Waliopewa dawa, asilimia 57. Na kulikuwa na kitu ambacho hawakukitarajia kabisa. Asilimia 44 ya wagonjwa walikuwa tayari na kiungo kilichozima siku walipoingia kwenye jaribio. Unazuiaje kitu ambacho kimeshatokea? Ni kama kuitisha polisi waje kuzuia wizi wa simu ukiwa umeshashuka kwenye mat bila simu.

Ndani ya kampuni kulikuwa na daktari anaitwa Andrew Millar, mkuu wa utafiti wa wagonjwa. Yeye alikuwa na shaka, si na Zacutex tu, bali pia na marimastati. Aliona kampuni inaongea kwa matumaini ambayo takwimu hazikuyabeba. Mwaka 1998 akaongea na wawekezaji wakubwa wa kampuni kuhusu shaka zake. Kampuni ikamfuta kazi, ikasema amevunja usiri. Stori ikalipuka magazetini, bei ya hisa ikaporomoka, na kamati ya sayansi ya Bunge la Uingereza ikafungua uchunguzi mwaka huo huo. Mkuu wa kampuni akaondoka. Kesi kati ya Millar na kampuni ilimalizwa 1999 nje ya korti.

Kuna watu mpaka leo watabishana kama alifanya sawa kuongea na wawekezaji. Mimi sina shida na huo ubishi. Lakini jaribio la mwisho lilitoa jibu lake. Lilikuwa na wagonjwa zaidi ya 1,000, na mwaka 1999 ikajulikana kwamba Zacutex haikuleta tofauti. Ikazikwa. Hizo takwimu za wagonjwa 290 zilichapishwa kamili mwaka 2001, na kampuni yenyewe ikamezwa kwenye muungano 2003.

Nilivyosoma hii stori nilifikiria ile video yangu nje ya hospitali. Sisi watu wa kontenti tunauza kitu kimoja na wale wa soko la hisa. Tunauza hisia ya "hii ndiyo yenyewe." Na mwenye kusema "ngojeni, tuhesabu kwanza" huwa ndiye mnoko wa sherehe.

Wakati mwingine maji ndiyo yanashinda

Sasa turudi kwa swali la hasira. Ni haki kumpa mtu maji?

Nenda Uholanzi, 2008. Hii si sindano, ni bakteria wazuri wale wa kwenye mtindi, waliopitishwa kwa mpira hadi kwenye utumbo wa wagonjwa wenye kongosho lililoshikwa vibaya. Kila mtu aliona ni kitu salama, asilia, hakiwezi kudhuru. Wagonjwa 296. Waliopewa bakteria, asilimia 16 walikufa. Waliopewa kitu kisicho na dawa, asilimia 6. Ukisikia hivyo, ungetaka anko wako awe kundi gani?

Hata dripu yenyewe, ile maji ya chumvi ambayo hakuna mtu hupost, nayo ilipelekwa kwenye mtihani. Kwa miaka madaktari wengi walifundishwa kumwaga maji mengi haraka kwenye mshipa wa mgonjwa wa kongosho. Mwaka 2022 jaribio linaloitwa WATERFALL, la nchi nne, zikiwemo India na Mexico, likalinganisha maji mengi ya haraka na maji ya wastani. Likasimamishwa mapema likiwa na wagonjwa 249, kwa sababu waliomwagiwa maji mengi walikuwa wanajaa maji mwilini: asilimia 20.5 dhidi ya 6.3. Na ugonjwa wenyewe haukuwa nafuu zaidi.

Hilo ndilo limesaidia watu kama anko. Hakuna chupa ya elfu 180 hapo. Ni mtu kuuliza "maji kiasi gani?" na kukubali jibu. Ni kama ile sheria ya zamani ya kumnyima mgonjwa chakula siku nyingi ili kongosho lipumzike. Waliijaribu pia, wakakuta kula mapema, mgonjwa akiweza, ni sawa na mara nyingi ni bora. Ndiyo maana anko alipewa uji siku ile ile alipouliza chai.

Na hizi sindano mpya?

Sisemi hakutapatikana sindano. Kuna moja inaitwa Auxora, ya kampuni ya Marekani CalciMedica, ambayo inafunga milango ya kalsiamu kwenye seli kabla hazijachafuka. Kwenye jaribio lao la CARPO walidunga wagonjwa 216, na hiyo ilikuwa ni awamu ya pili. Wazo ni zuri. Lakini sasa umeona mawazo mazuri mangapi yamepita hapa. Mimi nawaombea, na nangoja hesabu ya jaribio kubwa.

Kwa hivyo ukitumiwa video ya sindano ya elfu 180, uliza: Imejaribiwa kwa wangapi? Kulikuwa na kundi la kulinganisha? Waligawanywa kwa bahati au walichaguliwa? Ni nani alihesabu, na anauza nini? Na kubwa zaidi, kama ni jaribio la kweli, mgonjwa halipi ili kujaribiwa, na unapewa karatasi ya kueleza hatari kabla ya kusaini. Yule msee wa koti jeupe hakuwa na karatasi. Alikuwa na namba ya kutuma pesa.

Nilimpigia Jumanne, nikamuuliza hayo maswali kwa heshima kabisa. Akaniambia "kijana, unataka kumuokoa mtu wako au unataka kusoma?" Alafu akakata simu.

Hiyo sentensi ilinikaa kifuani. Kwa sababu Jumamosi ningemjibu "kumuokoa." Na ningetuma.

Sasa pesa zenu. Nilitangaza kwenye stori kwamba hatununui sindano, na kila mtu anayetaka pesa yake anijulishe. Wachache walirudishiwa. Wengine wote mlisema iende kwa bili, na ikaenda: kitanda, picha, na upasuaji wa kutoa kile kifuko cha nyongo chenye mawe. Risiti zote niliweka. Yule wa bob hamsini nilimrudishia. Akanitumia tena, na ujumbe: "nunulia anko chai."

Anko yuko sawa, amekonda kidogo, hagusi tena nyama ya mafuta. Nikimwuliza nini kilimponya anasema ni daktari. Mathe anasema ni Mungu. Shosho anasema ni maombi yake ya saa tisa usiku, na ukimwambia habari ya kundi la kulinganisha anakuangalia vile wanaangaliaga wajinga.

Ile video ya nje ya hospitali sijaifuta. Nimeibandikia hii post juu, ndiyo mtu akiiona aone na hii. Kama grupu ya familia yenu pia imewahi kutumiwa sindano ya miujiza, niambie hapo chini ni ugonjwa gani na ni bei gani. Usitaje jina la mtu. Taja bei tu.